ULIZA TUKUJIBU: Mbona I-95 inaikwepa Washington?

SWALI: Shikamoo mhariri. Natoka Laurel, Maryland kwenda kazini Alexandria siku tano kwa wiki. Haiwei ya I-95 inakuja imenyooka vizuri, ukifika College Park inakumwaga kwenye Beltway, ile barabara ya pete, unaanza kuzunguka mji kama unawinda kuku, wakati ukiangalia ramani inaonekana kabisa ilikuwa inaenda moja kwa moja katikati. Shemeji yangu anasema hela ziliisha. Ni kweli?
Msomaji, Laurel

JIBU: Marahaba. Mwambie shemeji hela ndo kitu pekee ambacho hakikuwa na shida. Tangu sheria ya 1956 serikali kuu ya Marekani ilikuwa inalipa asilimia 90 ya gharama za haiwei za Interstate, yaani zile za kuunganisha majimbo, jimbo linatoa kumi tu, kwahiyo kila mkuu wa jimbo alikuwa anataka kuchora barabara. Kilichokosekana ni pa kuipitishia.

Rudi miaka ya 50. Mainjinia walichora Washington kama gurudumu la baiskeli. Pete ya kwanza ndani ya mji, karibu kabisa na White House, ikaitwa Inner Loop. Pete ya pili nje mashambani, hiyo ndo Beltway yenu. Ya tatu mbali zaidi, Outer Beltway. Halafu spoki: I-95 inashuka kutoka College Park mpaka kaskazini mashariki mwa mji, nyingine inatoka Silver Spring inapita Takoma Park na Brookland ikifuata reli, na I-66 inatoka Virginia inakatiza Arlington kuingia mjini, na tawi lake I-266 linavuka mto Potomac kwa daraja jipya la Three Sisters. Ukiiangalia ile ramani leo unashangaa wenyewe wa mji walikuwa waishi wapi.

Beltway ilijengwa kwanza na haikuleta kelele sana kwa sababu sehemu kubwa ilipita mashamba na misitu. Daraja la Woodrow Wilson lilifunguliwa Desemba 1961 na mzunguko wote, maili 64 hivi, ukakamilika Agosti 1964. Kazi yake ilikuwa baipasi, yaani mtu anayetoka New York kwenda Florida asiingie mjini. Ila barabara ikishafunguliwa haimuulizi mtu anaenda wapi, basi maofisi na maduka yakaifuata hukohuko nje, angalia Tysons pale Virginia, palikuwa njia panda ya mashambani tu, 1968 ikafunguliwa moli kubwa na leo ni maghorofa, na vitongoji vikaanza kufanya kazi vyenyewe kwa vyenyewe bila kupitia mjini.

Spoki sasa ndo zikakwama. Nyumba zilizokuwa kwenye mstari wa kubomolewa zilikuwa za watu, tena nyingi za watu weusi, na huko Brookland serikali ya mji ilikuwa imeshaanza kununua nyumba na kuzifunga. Miaka ya 60 weusi wa Brookland na wazungu wa Takoma Park wakaungana kwenye kamati moja, jambo ambalo kwa Marekani ya wakati ule halikuwa dogo. Akina Reginald Booker na Sammie Abbott walikuwa mbele, Abbott mwenyewe kazi yake uchoraji, na bango lao lilisema hizi ni barabara za wazungu zinazopita kwenye nyumba za weusi. Wakaenda mahakamani, wakavuruga vikao, wakaingia kwenye zile nyumba zilizofungwa. Huyo Abbott baadaye akawa meya wa Takoma Park, sijui wale mainjinia walijisikiaje.

Upande wa pili kulikuwa na mbunge wa Kentucky, jimbo la mbali kabisa, William Natcher, aliyeshika kamati ya bajeti ya mji wa Washington. Huyu aliishikilia hela ya Metro, treni ya chini ya ardhi, akasema mkitaka treni jengeni kwanza haiwei zangu. Mtu wa Kentucky! Aliwabana hivyo miaka kadhaa mpaka Desemba 1971 bunge zima likamshinda kwa kura. Mwaka 1972 nguzo za daraja la Three Sisters, zilizokuwa zimeanza kuota mtoni, zikabebwa na mafuriko ya kimbunga Agnes, na 1973 ikatoka sheria kwamba mji unaweza kuikataa Interstate na hela yake ikahamia kwenye usafiri wa umma. Washington ikahamisha. Metro ikaanza kubeba watu Machi 1976, na ukipanda Red Line leo kutoka Silver Spring ukapita Takoma na Brookland, ule mstari wa reli unaoufuata ndo uleule haiwei ilikuwa iufuate.

I-66 ilipona kidogo. Arlington waligoma mpaka 1977 serikali kuu ikaruhusu ijengwe nyembamba, leni nne tu, malori marufuku, na treni ipite katikati yake. Ikafunguliwa Desemba 1982.

Na I-95 yenu? Ilishafika College Park 1971 ikawa inasubiri mwenzake kutoka mjini ambaye hakuja. Ndo maana pale makutano yake ni makubwa ajabu, na kile kipande kilichojitokeza kuelekea kusini kikageuzwa paking ya watu wanaoacha magari. Mwaka 1977 wakahamisha namba tu, I-95 ikapewa nusu ya mashariki ya Beltway, na kile kipande cha kusini kilichokuwa kimeshaingia mjini kutoka Springfield kikaitwa I-395. Kwahiyo ukifika Springfield ukaona I-395 inaelekea mjini, huo ni mguu wa pili wa barabara yako.

Mimi naona wale wakazi walikuwa sahihi, ila deni lao unalilipa wewe. Magari yote ya I-95 yakahamia upande mmoja wa ile baipasi pamoja na wafanyakazi wa vitongoji. Daraja la Wilson lilijengwa kwa magari 75,000 kwa siku, mwisho wa miaka ya 90 lilikuwa linabeba karibu 200,000, na bado linafunguka meli zipite. Madaraja mapya mawili yamekuja 2006 na 2008, foleni imepungua pale imesogea kwingine.

SWALI: Hiyo Outer Beltway iliishia wapi? Naishi Germantown, Maryland, kazi Leesburg, Virginia, mto Potomac uko hapo namuona mwenzangu ng'ambo lakini kufika ni safari.
Dada wa Germantown

JIBU: Pole dada. Iliishia vipandevipande. Upande wa Maryland kipande kimoja ndo ile barabara ya kulipia ya ICC (Intercounty Connector), namba 200, ilibishaniwa kwa miongo kadhaa na kufunguliwa 2011, hailipiwi dirishani, kamera na kifaa cha garini ndo vinakata. Upande wa Virginia mawazo yaleyale yakazaa Fairfax County Parkway. Kilichokosekana ni daraja la kuunganisha hivyo vipande, kwa sababu wenye nyumba pande zote mbili za mto hawalitaki, na kutoka daraja la American Legion mpaka Point of Rocks hakuna sehemu ya kuvukia gari. Kulikuwa na kivuko cha White's Ferry, kikasimama Desemba 2020 kwa mgogoro wa ardhi ya kutua upande wa Virginia. Hapo chagua Beltway au zunguka Point of Rocks, mimi ningeenda Point of Rocks, angalau unaona milima.

SWALI: Redio inasema "Inner Loop imeziba", ni ile Inner Loop ya mjini?
Dereva mgeni

JIBU: Hapana kaka, ile haikukamilika. Redioni Inner Loop ni leni za Beltway zinazokwenda kama mshale wa saa, zile za upande wa ndani karibu na mji. Outer Loop zinarudi kinyume. Ukitoka College Park kwenda Alexandria kwa upande wa mashariki uko Inner.