Fundi anajibu: Taa ya freni inawaka nikishuka Ngomo

SWALI: Ndugu fundi, jambo. Niko na Prado ya 1997, ya mazutu, natumika nayo Bukavu–Uvira. Tangu wiki mbili, nikishuka Ngomo kuelekea Kamanyola taa nyekundu ya freni inawaka, inazima, inawaka tena, alafu nikifika chini kwenye tambarare inapotea kabisa. Ile ya manjano, ya ABS (ile inazuia magurudumu kukwama ukikanyaga freni), yenyewe inawaka siku yote tangu wanibadilishie rulema ya gurudumu la mbele kuume. Kwenye garaji wameniambia nisijisumbue, watoe tu ampuli zote mbili. Nifanye nini? (Msomaji wa Panzi, Bukavu)

JIBU: Ndugu yangu, usikubali mtu aguse hizo ampuli. Unabeba watu kwenye zile kona za Ngomo, na hiyo taa iko inakuonyesha mahali pa kutafuta.

Angalia inawaka saa gani. Ndani ya bokali ya mafuta ya freni kuna kaboya kadogo kanaelea. Gari ikiinama mafuta inakimbilia mbele, kaboya kanashuka, taa inawaka, ukifika tambarare mafuta inarudi na taa inazima. Basi mafuta yako imepungua, kidogo tu bado, lakini imepungua, na mafuta ya freni haiungui kama mazutu, lazima iko mahali imeenda. Ni plaketi zimeisha, pistoni zimetoka inje na mafuta imezifuata, ama inavuja.

Kwa hiyo usianze kwa kujaza bokali, hapo ndipo wengi wanakosea. Toa magurudumu uangalie plaketi. Zikibaki milimita 3 ama chini, badilisha, na wakati fundi anarudisha pistoni utaona mafuta inapanda yenyewe kwenye bokali, kama ulikuwa umeijaza itamwagika na inakula rangi ya gari. Plaketi zikiwa bado nene, tafuta maji maji: upande wa ndani wa tairi, kwenye mipira, kwenye tamburi za nyuma kama unazo, na pale pompe ya freni inapokutana na servo, ile inasaidia mguu kukanyaga freni. Washa motere, kanyaga pedali uishikilie dakika moja bila kupompa. Ikizama polepole, pompe imechoka ama kuna mahali panavuja, na hiyo gari isishuke Ngomo mpaka itengenezwe.

Nakuomba sana kitu kingine: badilisha mafuta yote, kila miaka 2. Mafuta ya freni inavuta maji ya hewani. Ile aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia 205°C, ikishavuta maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na kwenye mteremko mrefu ukikanyaga freni bila kuacha moto unafika huko, pedali inakuwa laini kama sifongo. Shuka na vitesi ya pili, motere ikushikie gari. Na mtu akileta mafuta ya direksio ati inafanana, mkatalie, inavimbisha mipira yote ndani na utanunua kila kitu upya.

Sasa ABS. Imeanza siku ya rulema, basi anza palepale: waya ya kapteri, kale kanasoma mwendo wa gurudumu, imevutwa ama imekatika, ama kapteri imejaa uchafu wa chuma. Ukitaka kuhakikisha, chini ya kapo kuna kaboksi kameandikwa DIAGNOSTIC, unganisha matundu ya Tc na E1 kwa kawaya (kwenye gari zingine unatoa kwanza kipini kifupi), fungua kontakti kwa ufunguo, uhesabu taa ya ABS inavyopepesa. Mara 3, inapumua, mara 1, hiyo ni kodi 31, gurudumu la mbele kuume. 32 ni mbele kushoto. Ukimaliza kutengeneza, kawaya kakiwa bado pale, kanyaga pedali mara 8 ndani ya sekunde 3, kodi inafutika. ABS ikiwaka peke yake freni ya kawaida iko, ila kwenye matope magurudumu yanaweza kukwama. Lakini zikiwaka zote mbili pamoja na zikabaki, simama.

SWALI: Kwenye Land Cruiser yangu taa ya batri na ya freni zinawaka pamoja. Nimebadilisha plaketi mara mbili, bado. (Msomaji wa Goma)

JIBU: Pole kwa feza ulizotoa, plaketi hazina kosa hapo. Kwenye Toyota nyingi za zamani altanateri ikikufa inawasha taa hizo mbili pamoja. Pima batri motere ikizunguka: inatakiwa kama volti 14, ikiwa chini ya 13 haichaji. Na fanya haraka, juu motere nyingi za mazutu za zamani pompe inayovuta hewa ya servo iko nyuma ya altanateri palepale. Mkanda ukikatika, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Angalia mkanda leo, mbele ya kutoka.