Jibu: Sumaku inabadilisha mwendo wa sauti ndani ya chuma?

Mkuu, umeuliza kama sauti inakwenda tofauti ndani ya chuma kilichotiwa sumaku. Ndiyo, ila kwa chuma cha kawaida tofauti ni ndogo mno, sikio halitaing'amua. Kwenye nikeli inapimika vizuri.

Ndani ya metali hizi kuna vijisehemu vidogo sana, kila kimoja na mwelekeo wake wa usumaku. Wimbi la sauti likipita linabana na kuvuta, navyo vinajigeuza kidogo. Hapo metali inanyumbulika zaidi na sauti inapungua kasi, na nishati nyingine inapotelea kwenye huko kugeukageuka. Ukiitia sumaku mpaka vyote vielekee upande mmoja, havina tena pa kugeukia: metali inakakamaa, sauti inaongeza kasi na haififii haraka.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka 1842 mwanafizikia Mwingereza James Joule alionyesha kuwa chuma hubadilika urefu kikitiwa sumaku. Ndiyo maana transfoma ya mtaani inanguruma. Cha kuchekesha, umeme wetu ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) lakini mngurumo ni wa hezi 100, kwa kuwa chuma cha ndani hutanuka na kurudi kila nusu mzunguko, sumaku ielekee huku au kule.