Kuacha "who", "which" na "that" katika Kiingereza

Swali: Mwalimu alikubali sentensi "The man I met is a doctor" na "The man living next door is a doctor", lakini akaikata "The man lives next door is a doctor". Zote tatu hazina "who". Kwa nini moja tu ndiyo kosa?

Jibu: Kabla ya kuondoa kiwakilishi rejeshi ("who", "which" au "that"), tazama kwanza kazi yake ndani ya kishazi. Katika "the man who I met", kiima (mtendaji) ni "I", nayo "who" ni yambwa (mtendwa). Ukiiondoa, "met" bado ina mtendaji wake. Katika "the man who lives next door", "who" ndiyo kiima cha "lives". Ikiondoka, "lives" hujiunga moja kwa moja na "the man" na kuwa kitenzi kikuu, kisha "is a doctor" hubaki haina kiima.

Mzungumzaji wa Kiswahili huteleza hapa kwa sababu inayoeleweka. Katika "mtu aliyekuja" na "mtu niliyemwona" kirejeshi ni "-ye-" ileile, awe mtu huyo ni kiima au yambwa, na Kiswahili sanifu hakituruhusu kukiacha katika mojawapo. Hivyo hatukuzoea kuzitofautisha kazi hizo mbili.

Katika "the man living next door", kilichoondoka si "who" peke yake, kwani kitenzi nacho kimevuliwa njeo (alama ya wakati), na kitenzi kisicho na njeo hakiwezi kudhaniwa kuwa kitenzi kikuu. Katika kauli ya kutendwa, kiwakilishi huondoka pamoja na "was" au "were": "the letter which was written in 1964" huwa "the letter written in 1964". Lakini umbo la "-ing" halifai kwa tukio moja lililokwisha: "the boy who broke the window" haiwezi kuwa "the boy breaking the window", maana huyo wa pili bado anavunja.

Ufupisho una hatari yake pia. Mwaka 1970 mwanaisimu Thomas Bever alitoa mfano "The horse raced past the barn fell". Ni sahihi kisarufi, yaani farasi aliyekimbizwa ndiye aliyeanguka, lakini hata Waingereza hukwama wanapofika "fell", kwa kuwa "raced" inaonekana kama wakati uliopita wa kawaida. Umbo la kitenzi likiweza kusomwa kwa njia mbili hivyo, mimi hurudisha "that was" bila kusita.