Wanafunzi wanakariri tu somo la dini, nifanyeje?

Waalaykum salaam, mwalimu. Umesema kidato chako cha pili wanakariri aya za akhlaki (maadili), kisha wanasengenyana WhatsApp. Anza na swali, ubao usubiri. Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba: mnamjua muflisi ni nani? Wakajibu ni asiye na dirhamu wala mali. Ndipo akawaeleza: ni ajaye Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, hivyo thawabu zake wakapewa hao.

Basi wasome Suratul Hujurat, aya ya 11 na 12, zinazokataza dhihaka na kusengenyana, wajadili wawili wawili: picha ya kumdhalilisha mwenzao ikisambazwa, kila mmoja afanye nini? Wenye haya waandike. Ila, tafadhali sana, usimlazimishe yeyote kutaja dhambi zake darasani. Sitara ni haki yake.