Fonti ya bango la chekechea, Kondele
Mwalimu, kwa hilo bango unalotaka lichangamshe watoto, chukua Fredoka, fonti (mtindo wa herufi) ya mviringo. Iko bure kwenye Google Fonts, tovuti ya kupakua fonti, na leseni inaruhusu matumizi ya biashara. Fonti ya Cooper Black, aliyoichora Oswald Cooper wa Chicago na kutoka 1922, ni tamu pia ila nzito mno: ukiipunguza, vitundu vya a na e huziba, na abiria wa bodaboda anapita bila kusoma kitu. Fredoka iandike jina la shule tu, kwa herufi ndogo (abc, si ABC), uziachanishe kidogo. Namba ya simu na karo ziende kwa fonti ya kawaida. Na fundi asiivutevute kompyutani ili ijaze bango. Hapo o inakuwa yai.