Picha ya sendofu haikunisaidia: ukitaka kupinga tuzo ya zabuni, anzia kwenye nyaraka

Picha yenyewe ninayo hadi leo kwenye simu. Wanaume wawili wamesimama bega kwa bega kwenye sendofu, sare ya kitenge cha bluu, mmoja kashika soda. Wa kushoto ni mkurugenzi wa kampuni iliyotushinda kwenye zabuni ya usafi katika taasisi moja ya umma. Wa kulia, kwa tulivyonong'onezwa, alikuwa mjumbe wa kamati ya tathmini. Usiku ule niliipata nikalala usingizi mnono. Nilijua tayari tumeshinda.

Asubuhi nikampelekea wakili, mzee mwenye miaka mingi kwenye mambo ya zabuni. Akaikuza picha, akaisogeza huku na huku.

"Mwanangu, waliovaa hii sare walikuwa wangapi?"

"Kama sitini hivi, mzee."

"Na wote ni ndugu zake mkurugenzi?" Nikanyamaza. "Haya, na huyu mjumbe, jina lake umelijuaje? Maana utaulizwa."

Hapo nikanyamaza zaidi. Akanirudishia simu na kusema, "Sasa nionyeshe nyaraka za zabuni."

Nawaandikia hili kwa sababu kila wiki napokea ujumbe wa mfanyabiashara mwenye hasira, na karibu wote wanaanza pale nilipoanzia mimi: fulani ni shemeji yake fulani. Inawezekana kabisa ni kweli. Sheria yetu Tanzania inaukataza mgongano wa maslahi, na wajumbe wa kamati ya tathmini husaini tamko kwamba hawana maslahi kwenye zabuni wanayoitathmini. Lakini anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na kitenge hakithibitishi kitu. Hata ukipata cheti cha ndoa kinachoonyesha undugu, taasisi itakujibu: sawa, ila ninyi mlienguliwa kwa kutokidhi vigezo, ndugu awepo asiwepo. Ukishindwa kulijibu hilo, undugu wao unabaki kuwa habari ya kijiweni.

Kwa hiyo soma kwanza sababu ya wewe kuenguliwa. Yetu ilikuwa mstari mmoja kwenye notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani anakusudiwa kupewa kazi: hatukuambatisha barua ya kukamilika kwa kazi kwenye mmoja wa mikataba tuliyoweka kama uzoefu. Tukafungua nyaraka za zabuni. Kigezo kilidai mikataba miwili ya kazi zinazofanana ndani ya miaka mitatu, basi. Tukasoma mara ya pili. Kijana wetu wa ofisini akaandika neno "kukamilika" kwenye kompyuta na kulitafuta faili zima. Halikuwemo.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee. Tathmini inatakiwa ifanyike kwa vigezo vilivyomo kwenye nyaraka za zabuni, wazabuni wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Kigezo kilichozaliwa mezani kwa kamati ni kosa linaloonekana kwa macho, na huhitaji kujua nani alicheza kwaito na nani kwenye sherehe.

Muda ndio utakaokuua. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, malalamiko yanakwenda kwanza kwa Afisa Masuuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, na una siku 5 za kazi tangu ulipofahamu jambo unalolalamikia. Naye ana siku 5 za kazi kukujibu. Usiporidhika, au akikaa kimya, una siku 5 nyingine za kazi kukata rufani kwenye Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, yaani PPAA. Wenzetu Kenya wana siku 14 za kwenda moja kwa moja kwenye bodi yao ya mapitio, nayo inatakiwa iamue ndani ya siku 21. Sisi hatuna nafasi hiyo ya kupumua. Mimi siku mbili kati ya tano nilizimaliza kutafuta picha.

Notisi inaingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao, na kama mwenye nywila ya kampuni ni mhasibu aliye likizo Bukoba, shauri yako. Kwetu sasa watu wawili wanafungua mfumo kila asubuhi zabuni ikiwa kwenye tathmini.

Barua yangu ya kwanza ya malalamiko ilikuwa na kurasa sita. Rushwa ilitajwa mara nne, undugu sijui mara ngapi, na barua ya kukamilika kwa kazi ikaja ukurasa wa tano. Mzee aliichana, namaanisha kweli aliichana, tukaandika kurasa mbili. Hoja ya kwanza: kigezo kilichotumika kutuengua hakimo kwenye nyaraka za zabuni, kifungu hiki hapa, ukurasa huu hapa. Hoja ya pili: tunaomba ikaguliwe kama mzabuni aliyependekezwa alipimwa kwa kipimo hichohicho. Hoja ya tatu, mistari miwili tu: tunaomba ithibitishwe kwamba wajumbe wote walisaini tamko la kutokuwa na mgongano wa maslahi. Hakuna jina la mtu. Na chini kabisa, tunachoomba: tathmini irudiwe. Watu wengi hulalamika vizuri halafu wanasahau kusema wanataka nini.

Afisa Masuuli alitukatalia, kama nilivyotarajia. Alisema kuambatisha barua ya kukamilika kwa kazi ni "utaratibu wa kawaida". Sentensi hiyo ilitusaidia kuliko kitu chochote tulichoandika wenyewe, kwa sababu alikiri kwamba haikuombwa. Tukakata rufani, mchakato ukasimama.

Kwenye usikilizwaji nilikaa mikono ikitoka jasho. Mwenye neno kubwa siku ile hakuwa wakili wangu wala wao. Mamlaka yenyewe hupitia kumbukumbu za zabuni, na mjumbe wake mmoja akauliza upande wa taasisi, kwa sauti ya upole kabisa, kama mkataba wa pili wa mshindi umekamilika. Wakatazamana. Mkataba ulikuwa bado unaendelea. Sasa barua ya kukamilika ingetoka wapi? Mshindi naye hakuwa nayo, ila yeye alipita. Upendeleo uliokuwa ukininyima usingizi ukawa mezani bila mtu yeyote kutamka neno shemeji.

Tathmini ikaamriwa irudiwe. Ningependa niseme kazi tukaipata sisi. Kulikuwa na kampuni ya tatu, iliyoenguliwa kwa kukosa barua hiyohiyo na haikulalamika kabisa, ambayo bei yake ilikuwa chini ya yetu. Bei hiyo niliiona tangu siku ya ufunguzi wa zabuni, nikajifanya sikuiona. Tathmini iliporudiwa, wao ndio waliochukua. Ada ya rufani, gharama za wakili na majuma kadhaa ya kukimbizana nililipa mimi. Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote, rudi kwenye taarifa ya ufunguzi ujiulize: vigezo vikitumika kwa haki, mimi nasimama nafasi ya ngapi? Kama jibu ni ya tatu, zungumza na wakili wako kuhusu gharama kwanza, hasira baadaye.

Meneja wa kampuni ile tulikutana naye baadaye kwenye semina, akanishukuru, akaninunulia chai na chapati mbili. Nami tangu siku hizo kila mkataba wetu ukiisha nadai barua ya kukamilika kwa kazi siku hiyohiyo, naiweka kwenye faili, iombwe isiombwe.