Keti na watoto kwanza: ninavyohakiki filamu za Disney za "watu"

Nyumbani kwetu filamu ni za aina mbili tu, katuni na "ya watu". Mwanangu wa mwisho akiniona nimeshika rimoti Ijumaa jioni, swali lake ni lile lile: "Baba, leo katuni au ya watu?" Hizi za watu, hasa zinazotoka Disney, nimekuwa nikiziandikia maoni kwa miaka kadhaa. Nilianzia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa moja, aya mbili tatu kila mwisho wa wiki, ili mtu ajue awawekee wanawe nini. Siku hizi naulizwa na wengine wanaotaka kuanza kuhakiki: waanzie wapi, waandike nini. Majibu ninayo, ila karibu yote nimeyapata kwa kuharibu kwanza.

Kuharibu kukubwa kulihusu mbwa.

Old Yeller ilitoka mwaka 1957, ikiongozwa na Robert Stevenson, yule yule aliyekuja kuongoza Mary Poppins miaka saba baadaye. Ni habari ya mvulana wa Texas na mbwa wa manjano aliyejileta mwenyewe nyumbani kwao. Niliitazama peke yangu usiku, jicho moja kwenye runinga na jingine kwenye simu, nikaandika kwamba ni filamu tulivu ya zamani, inafaa umri wowote. Jumamosi saa tatu usiku mama mmoja wa kundini akanipigia. Nyuma ya sauti yake nikasikia mtoto akilia, kile kilio cha kwikwi ambacho machozi yake yameshakwisha. Maana mbwa yule anapigana na mbwamwitu mwenye kichaa, anang'atwa, anaanza kubadilika, na mvulana mwenyewe ndiye anayelazimika kushika bunduki.

"Kaka, mbona hukusema mbwa anakufa?"

"Sikutaka kuwaharibia utamu."

"Utamu wa nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Watoto wetu wamekua wakijua kwamba stelingi hafi. Mbwa yule ndiye stelingi. Halafu kichaa cha mbwa kwetu si hadithi ya Texas ya zamani. Mtoto ameshasikia gari la matangazo likipita mtaani kuita watu wapeleke mbwa kuchanjwa. Kesho yake yule mtoto alikataa kupita kwa jirani mwenye mbwa. Tangu siku hiyo, akifa mnyama, mzazi au mtoto ndani ya filamu, nasema wazi katika mistari ya mwanzo. Ukimhakikia mtu mzima filamu ya wakubwa, kumficha mwisho ni adabu. Ukimficha mzazi, umemtega.

Na usizitegemee sana zile herufi za Wamarekani za kuonyesha filamu inamfaa nani. G maana yake wote waone, PG mzazi awe karibu, PG-13 iliongezwa mwaka 1984 kwa zile zinazowazidi wadogo. Zinasaidia kwa habari ya damu, matusi na mambo ya chumbani. Huzuni hazipimi. Filamu ile ya mbwa ina G.

Kwa hiyo desturi yangu sasa ni kuitazama filamu mara mbili. Ya kwanza peke yangu, simu ikiwa chumba kingine. Ya pili na watoto, na hiyo ya pili macho yangu hayako sana kwenye runinga, yako kwenye kochi. Nina daftari la shule la kurasa themanini na ndani yake mna mistari kama hii: "Dk 38, kaomba maji. Dk 52, kauliza yule mbaya kaenda wapi. Dk 61, wote kimya, mkubwa kaacha kutafuna bisi. Dk 80, mdogo kalala." Hapo uhakiki wangu umeshaandikika nusu. Dakika ya 61 ndiyo nitakayorudi kuitazama nijue wametendewa nini.

Dakika zenyewe ni jambo la kuandikwa, na wahakiki wengi wanalipita. Disney imeshika mtindo wa kuchukua katuni zake za zamani na kuzirudia kwa watu halisi, na kila ikirudia inanenepesha. Dumbo ya mwaka 1941 ilikuwa dakika 64. Ya Tim Burton ya mwaka 2019 ni 112. Beauty and the Beast ilitoka 84 mwaka 1991 ikafika 129 mwaka 2017. Ile ya nguva, The Little Mermaid, ilikuwa 83 mwaka 1989, na ya mwaka 2023 ni 135. Mtoto wa miaka minne hajarefushwa. Mzazi anayewasha filamu saa moja na nusu usiku, kesho shule, anahitaji kuambiwa hilo kabla hujamweleza uzuri wa mavazi.

Nikija kwenye hizo za kurudiwa, kuna mtego ambao nami nilinasa muda mrefu. Unaketi kuandika, na aya nne zote zinakuwa kulalamika kwamba si kama ile katuni uliyoiona utotoni kwenye kanda ya video. Huo ni utoto wako. Mwanangu hana huo. Yeye hiyo ya kurudiwa ndiyo ya kwanza kwake. Mpe marehemu utoto wako sentensi moja, kisha endelea.

Swali ninalouliza badala yake ni moja: mwili umefanya kazi gani humu? Kama hadithi ilishatosha kwenye mchoro, kwa nini walete mtu, au simba mwenye manyoya ya kuhesabika? Uso, mikono, uzito, maji, vumbi, kuna kinacholipa?

The Lion King ya Jon Favreau ya mwaka 2019 ndiyo iliyonifundisha swali hilo. Watu wengi wanaiita ya wanyama halisi, kumbe karibu yote imetengenezwa kwenye kompyuta. Picha moja tu, ya jua likichomoza mwanzoni, ndiyo iliyopigwa kwa kamera. Ni nzuri mno kwa macho. Lakini simba wa kweli hana nyusi za kukunja. Pale Mufasa, simba baba, anapokufa na mwanawe anamsukuma kwa kichwa, binti yangu alinigeukia akauliza: "Analia au anapumua tu?" Nililiandika swali hilo kama lilivyo na sikuongeza neno. Katika katuni ya mwaka 1994 hakuna mtoto angeliuliza.

Filamu hiyo, kwa njia, inatuhusu sisi kwa namna ambayo mhakiki wa Los Angeles hawezi kuiandika. Mtoto wa Kiswahili anasikia simba anaitwa Simba, ni kama mimi nimpe mwanangu jina la Mtu. Rafiki, yule nyani mzee, ni rafiki. Na Pumbaa, yule ngiri, kila akiitwa, chumba kizima kinacheka kabla hajafanya kichekesho chochote. Maneno "hakuna matata" nayo yalisajiliwa na Disney kule Marekani mwaka 2003 kama alama ya biashara kwa ajili ya fulana, jambo lililowaudhi wengi lilipokuja kujulikana. Ukihakiki kwa Kiswahili, sema unachokisikia wewe. Usinakili vicheko vya watu ambao kwao majina hayo ni milio tu.

Swali lile la mwili lina majibu mazuri pia, na mengine ni ya zamani. Katika 20,000 Leagues Under the Sea ya mwaka 1954 kuna pambano na ngisi mkubwa. Mara ya kwanza walilipiga jua likizama, bahari shwari, na ngisi akaonekana wazi kuwa mpira unaovutwa kwa nyaya. Wakalipiga upya usiku, ndani ya tufani, mawimbi na mvua vikafunika nyaya. Filamu ilipata Oscar ya madoido, na mwanangu, ambaye ameona madubwana ya kompyuta ya kila rangi, alipandisha miguu juu ya kochi. Maji yalikuwa maji. Mary Poppins nayo, ya mwaka 1964, ilipiga waigizaji mbele ya taa za sodiamu, zile za mwanga wa manjano kama za barabarani, ili wawekwe kati ya michoro bila kuonekana wamekatwa kwa mkasi. Ilishinda Oscar 5. Mambo ya aina hii yatie kwenye uhakiki kidogo kidogo. Watoto wanapenda kujua wamedanganywaje.

Ila kama ungeniambia nichague moja ya kujifunzia kuandika, ningekupa Queen of Katwe ya mwaka 2016. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi barabarani akaja kuwa mchezaji wa sataranji wa kimataifa. Imeongozwa na Mira Nair, ambaye ameishi Kampala miaka mingi na ndiye aliyeanzisha Maisha, mafunzo ya watengenezaji filamu pale pale mjini. Hilo linaonekana. Tope ni tope la mvua ya kwetu. Siku ya kwanza Phiona anaingia kwenye darasa la sataranji, kilichomvuta ni sufuria la uji, na watoto wenzake wanamkimbia wakisema ananuka. Yeye hasusi. Anapigana, kisha anakwenda kuoga na kurudi. Wangu walinyamaza kabisa hapo. Mmoja akanong'ona, "Uji kama wetu."

Halafu mtazame Lupita Nyong'o, anayemwigiza mama wa Phiona. Kuna sehemu hasemi kitu, mabega tu. Anayeuza sokoni mwaka wa kumi akiwa peke yake na watoto ana namna ya kusimama, na Lupita anasimama hivyo hivyo. Mwili ndio huo ninaouulizia. Na mwishoni kabisa, wakati majina yanapita, kila mwigizaji anatokea akiwa bega kwa bega na yule mtu wa kweli aliyemwigiza. Andika hilo, maana wazazi wengi huzima majina yakianza, wakaikosa sehemu bora.

Pamoja na kuipenda hivyo, sikuwaficha kundini. Kuna mafuriko yanayoingia nyumbani usiku, kuna mtoto anagongwa na pikipiki, na dada mkubwa anaondoka kwenda kuishi na mwanamume mwenye pesa. La mwisho ndilo litakaloleta swali mezani. Mimi niliulizwa, "Kwani yule kaka ni mbaya?" nikajiuma ulimi kidogo. Nikawaandikia wazazi wajiandae na swali, sikuwaandikia jibu; kila nyumba ina lake. Wiki iliyofuata watoto walichora ubao kwenye boksi, vizibo vya soda vikawa kete, na wakabishana siku nzima jinsi kete ndogo kabisa inavyoweza kugeuka malkia. Hiyo nayo niliitia kwenye uhakiki. Watoto kuichezea filamu siku saba baadaye ni kipimo kizuri kuliko nyota tano.

Nyota zenyewe niliziacha. Mtu anakupa nyota tatu na nusu, hiyo nusu ni ya nini? Naandika umri wa waliotazama, nani alitoka, nani alibaki, na kama asiyejua Kiingereza aliifuata. Hili la mwisho ni kubwa kwetu. Kwenye kibanda umiza kuna mtafsiri anayepaza sauti juu ya filamu na kutia chumvi zake, sebuleni hakuna. Kwangu mtihani huo anaufanya mama yangu, bibi yao, ambaye huketi kwenye mkeka pembeni akichambua mchele na kudai hatazami.

Mwaka jana niliweka The Straight Story, ya mwaka 1999. Ni ya David Lynch, ambaye filamu zake nyingine huwezi kuweka mbele ya mtoto, lakini hii ilitolewa na Disney na ina G. Mzee wa Iowa, macho hafifu, nyonga mbovu, hana leseni ya kuendesha gari. Anasikia nduguye waliyekosana naye miaka mingi amepatwa na kiharusi kule Wisconsin, basi anapanda mashine ya kukatia majani na kumfuata, kilomita karibu 390, kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli angempita. Richard Farnsworth aliyemwigiza alikuwa na miaka 79 alipoteuliwa kwa Oscar.

Dakika ya 15 mdogo alitoka. Dakika ya 22 mkubwa. Binti alivumilia mpaka 40. Nikataka kuzima, nikasikia, "Wacha." Ungo ulikuwa umewekwa chini. Mama aliitazama yote, na neno la Kiingereza halijui hata moja zaidi ya "sori". Ndugu wale wawili walipoketi barazani mwishoni, hawasemi kitu cha maana, mama alikohoa tu. Kisha akauliza kile chombo kinakunywa mafuta kiasi gani mpaka kifike kwa mtu aliyenuna.

Kundini niliandika: "Ya familia. Watoto walitoka wote. Bibi alibaki." Wazazi watatu waliiomba siku hiyo hiyo.